Kukokotoa Ukolezi: Maji ya Chumvi ya Asilimia 0.9

Kabla ya mgonjwa kuongezewa damu, chembe nyekundu huoshwa maabarani kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Ukolezi ukizidi, chembe hupoteza maji na kusinyaa. Ukipungua mno, huvimba na kupasuka. Mpimaji aweza kudhani kwamba zimepasuliwa na kingamwili, na mgonjwa akanyimwa damu inayomfaa.

Asilimia 0.9 humaanisha gramu 0.9 za sodiamu kloraidi katika kila mililita 100 za myeyusho. Kwa mililita 500:

0.9 × 500 ÷ 100 = gramu 4.5

Chumvi huyeyushwa kwanza katika mililita 400 hivi za maji yaliyokenekwa, kisha maji huongezwa hadi alama ya 500. Haitiwi katika mililita 500 kamili, kwani ujazo utazidi.

Lita moja ina gramu 9. Uzito wa moli moja ni gramu 58.44, hivyo:

9 ÷ 58.44 = moli 0.154, yaani milimoli 154

Kila milimoli hutoa ioni za sodiamu na za kloraidi, jumla milimoli 308 za ioni. Kiasi hicho hukaribia kile cha plazima.

Ikiwa akiba ni ya asilimia 9, kiasi kinachohitajika ni:

0.9 × 500 ÷ 9 = mililita 50

Akiba hiyo ikitumiwa bila kuzimuliwa, ukolezi huwa mara kumi. Kwa hiyo kila chupa iandikwe ukolezi na tarehe. Myeyusho huu ni wa maabara tu; haufai kutiwa mshipani.

Zoezi: Lita 2 zahitaji gramu ngapi? (Jibu: 18)