SOMO: KINANDA CHA MABOMBA KILITOKA WAPI?



Somo hili limetokana na swali la vijana wa kwaya. Mnakumbuka Machi 2021, tulipokimbia Palma, kinanda chetu cha betri kilibaki mchangani kwa sababu mashua ilijaa watoto. Tukapita Vamizi usiku, bila hata tari. Tangu hapo wapo wanaosema ibada yetu ni nusu, na sasa inaombwa kila kaya ichangie kinanda kipya. Kabla ya kuamua, tujifunze kidogo.

Babu wa vinanda vya kanisani ni kinanda cha mabomba, yaani ogani. Kilibuniwa na fundi Ctesibius huko Aleksandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo. Uzito wa maji ndio uliosukuma hewa itoke sawasawa. Warumi walikipiga katika viwanja vya michezo ya kumwaga damu, basi tusishangae kwamba Wakristo wa kwanza hawakukitaka. Waliimba kwa vinywa vyao. Mwaka 757 Kaisari wa Konstantinopoli alimpelekea Pippin, mfalme wa Wafranki, ogani kuwa zawadi, na polepole makanisa ya magharibi yakaipokea. Makanisa mengi ya Kiorthodoksi hayaitumii hadi leo. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ina neno "ogani" katika Zaburi 150. Yetu ya Kiswahili inasema filimbi, na nadhani yetu imekaribia zaidi.

Kinafanyaje kazi? Mivukuto, kama ile ya mhunzi, hujaza hewa katika sanduku. Mpigaji akibonyeza, tundu chini ya bomba hufunguka, hewa hupanda, bomba hulia. Bomba refu lina sauti nene, fupi sauti nyembamba. Bomba la futi 8, karibu mita 2.4, likirefushwa kuwa futi 16 hushuka oktava nzima. Ukiziba juu ya bomba, nalo hushuka oktava bila kurefushwa; watoto wajaribu kwa mwanzi. Mabomba mengine ni ya bati na risasi, mengine ya mbao, na mengine yana ulimi unaotetemeka, kama zumari letu la pwani. Kabla ya umeme, mtu alikaa nyuma akivuta mivukuto. Akisinzia, wimbo umekwisha!

Karibu nasi, ogani ya namna hii imo katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Zanzibar. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa palepale. Askofu Edward Steere alilisimamia jengo lile, paa lake la matumbawe na saruji. Huyohuyo mwaka 1876 aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani kurudi bara, na wakafanya makao Masasi, ng'ambo ya Ruvuma kutoka kwetu. Hao walikuwa watu wa kuhamahama kama sisi, na mabomba ya futi 8 hayabebeki kichwani.

Kwa safari kilifaa kinanda cha kukanyaga, ambacho Alexandre Debain alikipatia hati Paris mwaka 1842. Hakina mabomba, ndimi za shaba ndizo zinazolia. Wamisionari walikipenda, ingawa mchwa nao walikipenda.

Mimi sipingi kinanda. Ila kaya yenye mgonjwa isiombwe kitu, na turubai la darasa la watoto litangulie. Mama mmoja aliniambia, "Mchungaji, mwanangu anaimba akiwa amelowa." Sikuwa na jibu.

Maswali ya jumuiya za nyumbani:
Someni Zaburi 137:1-4. Waliokuwa uhamishoni walitundika vinubi vyao. Je, walikosa vyombo, au walikosa nini?
Someni Matendo 16:22-25. Paulo na Sila walikuwa na chombo gani?
Kaya yenu ingechangia nini kwanza: turubai au kinanda?

Majibu yaletwe kwa wazee wa kanisa Jumatano, kabla ya kikao.