Hotpoti Haina Moto: Bufee za Shughuli na Maradhi ya Kutapika

Kisa kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya somo hili na hakimhusu mtu wala familia yoyote, ingawa mhudumu wa afya aliyefanya kazi Pemba hata kwa mwaka mmoja atakitambua. Kuna harusi Gombani, Chake Chake. Pilau imeepuliwa saa 4 asubuhi na kupakiwa katika hotpoti kubwa, na mchuzi wa nyama katika hotpoti nyingine. Wanaume wamekula saa 7, baada ya sala ya adhuhuri. Wanawake wamekuja kwa mafungu, na fungu la mwisho limejipakulia saa 11 jioni. Saa 2 usiku watu tisa wanafikishwa hospitali wakitapika, wawili kati yao watoto. Wote ni wa fungu la mwisho. Nje ya wodi jamaa wameshaanza kunong'ona: nani alisimama karibu na chakula, nani hakualikwa, nani ana ugomvi na mama wa biharusi. Wamelishwa kitu, wanasema.

Kwa hiyo daktari wa zamu ana wagonjwa tisa wa kuwatibu, na pia ana jina la mtu wa kumi, ambaye haumwi, la kulinusuru kabla ya alfajiri.

Tuanze na chombo chenyewe. Hotpoti tunayoijua sote ina kuta mbili: chuma cha pua ndani, plastiki nje, na katikati kitu kinachozuia joto lisipite upesi. Haipiki wala haipashi moto. Kazi yake ni kuchelewesha kupoa, basi. Madaktari wa Kichina, ambao timu zao zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964 na kwa Pemba hufanya kazi katika Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, wanatoka katika nchi yenye mlo ambao Waingereza nao huuita kwa jina hilohilo la hotpoti. Lakini hotpoti ya Kichina ni chungu cha supu kinachochemka mezani, moto ukiwa chini yake muda wote wa kula. Mlaji hutumbukiza vipande vyembamba vya nyama mbichi na mboga, akavitoa vikiwa vimeiva. Hatari yake ni nyama isiyokaa motoni vya kutosha, au kijiti kilichoshika nyama mbichi kurudi mdomoni. Yetu ni kinyume chake: chakula kiliiva vizuri, kisha kikasahaulika.

Nathubutu kusema kwamba wapishi wetu wa shughuli hawajawa wachafu kuliko mama zao. Kilichobadilika ni namna ya kupakua. Sinia hukusanya watu wanne au watano kwa wakati mmoja. Pilau hutoka chunguni, makaa yakiwa bado juu ya kifuniko, na huliwa hapo hapo mpaka sinia likabaki tupu. Bufee humpa kila mgeni uhuru wa kuja kwa wakati wake, na uhuru huo hulipiwa na chakula, kwa kusubiri. Mlo wa nusu saa umekuwa mlo wa saa sita.

Katika saa hizo sita yapo mambo mawili ya kuyafahamu. La kwanza ni mchele. Bakteria aitwaye Bacillus cereus huishi udongoni, na mbegu zake ngumu hufuata nafaka hadi jikoni. Kuchemsha hakuziui. Wali unaposhuka chini ya nyuzi 60 za sentigredi mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutengeneza sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haiharibiwi na moto wa jikoni, hivyo kuupasha wali tena mpaka utoe moshi hakuifanyi iondoke. La pili ni nyama iliyopikwa kwa wingi. Clostridium perfringens naye huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na hupenda joto la nyuzi 43 hadi 47, ambalo ni joto la mchuzi ambao mgeni angeusifu kuwa bado una uvuguvugu. Katika hali hiyo anaweza kujizidisha maradufu kwa takriban dakika 10. Bakteria mmoja akianza saa 8 mchana, kwa mwendo huo ifikapo saa 11 wamezidi laki mbili na nusu.

Hotpoti iliyofunguliwa mara hamsini na wageni hamsini, ikabaki nusu, ndiyo inayokifikisha chakula katika uvuguvugu huo na kukikalisha humo.

Mhudumu wa afya hana haja ya kusubiri maabara ili aanze kufikiri. Aulize saa. Kutapika kunakoanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula huelekeza kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula: Bacillus cereus wa wali, au Staphylococcus aureus anayetoka mikononi, hasa penye kidonda au jipu la mpakuaji. Tumbo la kukata na kuharisha bila homa, baada ya saa 6 hadi 24, humtaja zaidi Clostridium. Homa pamoja na kuharisha siku ya pili humfanya mtu amfikirie Salmonella. Kuharisha kwingi kama maji ya mchele ni kipindupindu mpaka ithibitike vinginevyo. Pemba inakijua, na mwaka 2009 ilikuwa miongoni mwa sehemu za Zanzibar zilizopewa chanjo ya kunywa. Hapo taarifa itolewe mara moja, sampuli zichukuliwe kabla ya dawa.

Na minong'ono isipuuzwe kwa dharau, kwani sumu ya kweli ipo. Mboni za macho zilizosinyaa, mate na jasho jingi, na mapigo ya moyo ya polepole ni dalili za dawa ya wadudu wa mashambani. Ganzi ya midomo baada ya kula samaki yataka tuulize habari za bunju. Chunguza, andika ulichokiona na usichokiona, ili kesho uwe na la kujibu.

Tiba ya wengi wao ni maji. Pakiti moja ya ORS katika lita moja ya maji safi, kwa vijiko au vikombe vidogo. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila aharishapo, mkubwa wake 100 hadi 200. Mtoto anayeharisha aongezewe zinki kwa siku 10 hadi 14. Antibiotiki haziondoi sumu iliyokwisha kuliwa. Wengi hupona ndani ya siku moja, ila asiyeweza kubakisha maji tumboni, mwenye damu katika choo, au mtoto aliyelegea na macho kudidimia asirudishwe nyumbani.

Mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu ana hesabu yake. Anayetumia insulini asiiache kwa sababu tu hali. Apime sukari mara kwa mara na awasiliane na kliniki yake kuhusu kipimo. Metformini huweza kuleta madhara mwili ukikauka, na dawa za kukojosha na baadhi ya dawa za presha huweza kuumiza figo. Amuulize daktari siku hiyohiyo kama azisimamishe kwa muda.

Kwa wapishi, Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Hakuna muda mmoja ufaao hotpoti zote, kwa hiyo kipimajoto cha jikoni kina thamani kuliko kukisia kwa kidole. Isuuzwe kwa maji yanayochemka kabla ya kupakia. Ijazwe, kwani iliyojaa hutunza joto kuliko nusu. Pilau mpya isimwagwe juu ya ya zamani. Bora zaidi ni kupika kwa awamu mbili, ya mchana na ya alasiri, ingawa najua wapishi watanichukia kwa shauri hili. Cha kubaki kitandazwe kwenye sinia pana kipoe upesi, kisha kiingie frijini. Kukibeba nyumbani ndani ya hotpoti ileile, kikaliwa usiku, ni kuongeza saa juu ya saa.

Turudi wodini. Ifikapo saa 6 usiku kutapika kumepungua, watoto wananywa. Mwite mama wa biharusi, mbele ya jamaa walewale, umweleze kwamba wa saa 7 na wa saa 11 walikula pilau moja kutoka chungu kimoja, kilichopakiwa na mkono mmoja, na waliougua ni wa saa 11 peke yao.