Vyombo vya mpangaji aliyetolewa: Ni amana au malipo ya kodi?

Swali hili limenijia zaidi ya mara moja baada ya darsa, na wanaouliza huwa wenye nyumba, si wapangaji. Mpangaji kadaiwa kodi ya miezi minne, katolewa, kaondoka na begi lake na kuacha godoro, jokofu na kabati. Je, mwenye nyumba aviuze ajilipe?

Kwanza tufahamu kuwa mtu kutoka chumbani hakumtoi katika umiliki wa mali yake. Wapo wanaosema hiki ni kitu kilichookotwa (luqata), ukitangaza mwaka mmoja ni chako. Hapana. Hukumu ile ni ya mali ambayo mwenyewe hajulikani. Huyu unamjua, na namba yake ya simu ndiyo uliyokuwa ukimdai kwayo.

Mfano ulio karibu ni ule wa fiqhi ya Kishafii: nguo iliyopeperushwa na upepo ikaangukia nyumba ya jirani. Jirani hakuiomba, lakini imeshakuwa amana mkononi mwake. Anawajibika kumjulisha mwenyewe haraka. Akichelewesha bila udhuru ikaharibika, anailipa. Basi anayelitupa godoro uani likanyeshewa na mvua ya masika, naye sasa anadaiwa.

“Na kodi yangu, Ustadhi?” Deni ni deni, na mwenye uwezo anayekwepa kulipa ni dhalimu kwa mujibu wa Mtume (SAW). Ila deni peke yake haligeuzi vyombo kuwa rehani. Rehani huja kwa makubaliano. Hoja yenye nguvu ni kisa cha Hind bint Utba, aliyeruhusiwa na Mtume (SAW) kuchukua katika mali ya mumewe, Abu Sufyan, kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake. Mashafii wakajenga juu yake kuwa mdai anaweza kuchukua haki yake kwa anayekataa kulipa. Lakini tusome na masharti: si kwa anayekiri deni na yuko tayari kulipa, wala si zaidi ya deni. Ama asiye na kitu, Surat al-Baqara aya ya 280 inaamrisha apewe muda, na wengi wanaotolewa vyumbani ni hao.

Mimi naona, katika mji wenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kujihukumia kwa kufuli lako ni mlango wa dhulma. Mtu huyo huyo ndiye mdai, ndiye hakimu, ndiye dalali, na jokofu la laki tatu anamuuzia shemeji yake kwa elfu themanini!

Orodhesha vitu mbele ya mashahidi wawili, mwenyekiti wa mtaa akiwepo ni bora zaidi, viweke pakavu, na mpelekee mwenyewe taarifa kwa maandishi. Kinachooza kiuzwe, thamani yake itunzwe. Ndoo iliyopasuka na magazeti ya zamani, ada inatosha kuonyesha kuwa vimetupwa. Ama vyeti vya shule na kadi ya kliniki ya mtoto, hivyo mrudishie hata kama anadaiwa mwaka mzima. Havina bei sokoni, na anayeumia ni mtoto ambaye hakupanga chumba.

Akikosekana kabisa baada ya kutafutwa kwa ndugu na kazini kwake, wapo wanazuoni waliosema mali itolewe sadaka kwa niaba yake. Akitokea siku moja akaikataa sadaka hiyo, alipwe thamani yake, likatwe deni la kodi lililothibiti.