Ugonjwa wa Akili na Dawa Zake

Mwezi huu tujifunze habari za ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo sisi wengine hatuzisikii, au hushikilia kwamba watu wanamwinda. Hakuna kipimo cha damu kinachouonyesha. Daktari humpima kwanza malaria, kaswende na magonjwa mengine yawezayo kuvuruga akili, kisha hutuuliza sisi wa nyumbani: Yalianza lini? Je, analala? Basi tusifiche neno kwa kuona haya.

Dawa ya kwanza iliyotuliza ugonjwa huu, klopromazini, ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952. Siku hizi ziko nyingi, na sindano pia za kuchomwa kila baada ya majuma kadhaa. Taabu huja mgonjwa akipata nafuu. Dawa zaweza kumtetemesha mikono na kumtoa mate, naye ajiona mzima. Anaacha vidonge, na sisi twashangilia kwamba maombi yametosha. Miezi ikipita, sauti zinarudi. Tumwombee, ndiyo. Lakini akianza kutetemeka tumrudishe kwa daktari, apunguze kiasi au abadilishe dawa, kabla hatujatafuta kamba ya kumfunga.