Kufundisha Majedwali: Orodha Ndani ya Kisanduku Kimoja

Mwanafunzi wa shule ya msingi hukutana na jedwali kila asubuhi mwalimu aitapo mahudhurio. Hata hivyo, ni nadra afundishwe namna jedwali linavyotungwa. Maarifa haya yana faida kubwa, kwani hata kumbukumbu za kompyuta huwekwa katika majedwali yenye mistari na safu.

Tuchukue mfano wa soko la samaki la Bagamoyo, lililo ufukoni. Tuseme karani amekipa kila chombo mstari mmoja. Katika safu ya samaki ameandika "kibua, changu, tasi". Katika safu ya kilo, "12, 7, 5". Mstari huo ni mfupi na unapendeza. Lakini tuwaulize wanafunzi: changu walioletwa leo na vyombo vyote ni kilo ngapi? Watalazimika kupekua kila kisanduku na kuhesabu nafasi. Kisha tufute neno "kibua" na tusahau kufuta 12. Sasa changu wamepata kilo 12, na tasi kilo 7. Malipo ya mvuvi yamepotoka, wala jedwali halionyeshi kosa.

Dawa yake ni kuandika upya: kila mstari uwe na namba ya chombo, aina moja ya samaki na kilo zake. Chombo hicho kitachukua mistari mitatu, lakini kila uzito utafungamana na samaki wake. Kanuni hii ya kisanduku kimoja, thamani moja, ilipendekezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani.

Je, orodha ndani ya kisanduku ni kosa daima? La, hasha. Kanuni za SQL, lugha itumikayo kuyauliza majedwali ya kompyuta, ziliruhusu orodha mwaka 1999, na programu ya PostgreSQL inazo. Tutazame njia ya basi litokalo Dar es Salaam: Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, Bagamoyo. Hapa mfuatano ndio maana yenyewe, na orodha husomwa nzima. Kisanduku kimoja chatosha. Lakini tukitaka kuandika nauli ya kila kituo, hatuna budi kurudi kwenye mistari.

Darasani tufuate hatua hizi:

1. Wanafunzi watunge jedwali kwa njia yao wenyewe, bila kusahihishwa.
2. Mwalimu aulize swali linalohusu kitu kimoja kilichomo katika orodha.
3. Wanafunzi wenyewe waeleze ugumu walioupata, kisha watunge jedwali upya.

Tusianze kwa kuwatajia kanuni. Mtoto aliyeona malipo ya mvuvi yakipotea ubaoni ataitafuta mwenyewe.

Zoezi: Chunguza daftari moja la kumbukumbu katika shule unayofanyia mazoezi. Ni kisanduku kipi kina mambo mengi, nacho huulizwa swali gani?