Kuku wa Nyama Malishoni: Mwongozo kwa Nyumba za Mghange

Mashamba ya Mghange katika milima ya Taita, yaani Mghange Nyika na hata Mghange Dawida, ni madogo na yako mteremkoni. Hata hivyo, mwenye matuta machache yenye nyasi anaweza kufuga kuku wa nyama 15 kwa mkupuo, akala, akauza na kurutubisha udongo wake. Sharti ni moja: banda lihame kila siku.

Wiki za kwanza: ndani ya nyumba

Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumkinga na baridi, naye hutoka kwenye joto la Voi akapokewa na ukungu wa milimani. Wiki ya kwanza mpe joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Kama huna kipimajoto, watazame:

- Wakirundikana karibu na jiko, wanasikia baridi.
- Wakijibanza ukutani midomo wazi, joto limezidi.
- Wakitawanyika wakila na kunywa, wako sawa.

Jiko la makaa liwashie nje hadi makaa yakolee, na chumba kiwe na tundu za hewa juu. Hewa ya makaa haionekani, nayo huua vifaranga na watu. Watoe nje wakiwa na wiki 3 au 4, manyoya yakishajaa.

Banda la kuhama

Pima kwanza upana wa tuta lako. Banda la mita 2 kwa 1.5, kimo cha sentimita 60, linatosha kuku 15. Nusu liezeke kwa mabati na ulizibe ubavu unaopigwa na upepo. Nusu nyingine weka wavu imara. Liwe jepesi, watu wawili waweze kulibeba.

Lihamishe kila asubuhi umande ukishakauka, kwenye nyasi fupi. Vijidudu vya koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu, huhitaji siku moja au mbili kwenye kinyesi chenye unyevu kabla ya kuweza kuambukiza. Ukihama kila siku, unaviacha nyuma. Usirudi palepale na kundi lilelile.

Jioni, ziba kwa mawe kila upenyo chini ya banda, maana nguchiro na kicheche hupita padogo. Ukiona msafara wa siafu, hamisha banda jioni hiyohiyo.

Nyasi ni nyongeza tu

Majani na wadudu huwapa kuku vitamini, lakini havimnenepeshi kuku wa nyama. Hadi afike kilo 2 anahitaji kilo 3.5 hadi 4 za chakula kamili, na zaidi kukiwa na baridi. Wakifungiwa ndani muda wote, mtu huwauza kwa wiki 6. Malishoni jiandae kwa wiki 8 au zaidi.

Chanjo

Wachanje dhidi ya ugonjwa wa Newcastle wakiwa na siku 7 na tena wiki ya tatu, na dhidi ya ugonjwa wa Gumboro karibu siku ya 14, ukifuata ratiba ya afisa wa mifugo. Chupa nyingi za chanjo ni za kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa mbili. Basi nunueni pamoja na majirani, ibebwe kwenye barafu, wote wachanje asubuhi moja.

Kabla ya kuchinja

Waondolee chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji yabaki. Kama walitibiwa, subiri siku zilizoandikwa kwenye dawa. Nyama ya kuuza ikaguliwe kwanza.

Anza lini?

Nunua vifaranga mapema Januari. Mwisho wa mwezi watakuwa nje, na kufikia Machi watakuwa wamekomaa, wakiwa wameacha mbolea tuta baada ya tuta. Panda mahindi hapo mvua za masika zinapoanza. Mboga zinazoliwa mbichi zisipandwe hapo hadi miezi 4 ipite. Kundi la baridi ya Juni hadi Agosti lisubiri hadi uwe umepata uzoefu.