Mbinu za Kujenga Ukuta wa Kumlinda Kwotabeki

Katika futiboli ya Kimarekani, pasi zikipotea lawama zote humwangukia kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi. Kocha mjuzi huwatazama kwanza wazuiaji watano wanaosimama mbele yake: senta, wawili wa ndani walio ubavuni mwake, na wawili wa pembeni. Wakizidiwa hawa, hata kwotabeki bora duniani hafui dafu.

Kansas City Chiefs wanalijua hilo. Februari 7, 2021 waliingia Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL, bila wazuiaji wao wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, ambao walikuwa majeruhi. Patrick Mahomes alikimbizwa mchezo mzima, na Tampa Bay wakashinda 31-9. Klabu haikumgusa Mahomes, bali iliusuka upya ukuta. Timu yako ikiwa na tatizo hilo, anza hivi.

1. Pata senta anayesoma mchezo. Kabla hajaurusha mpira nyuma, senta hutazama wapinzani walivyojipanga, kisha huwatangazia wenzake nani amzuie nani. Akikosea, wawili watambana mpinzani mmoja huku mwingine akipita bila kuguswa. Chiefs walimchukua Creed Humphrey raundi ya pili ya drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya 2021, na Trey Smith, mzuiaji wa ndani, raundi ya sita. Fedha nyingi waliziweka kwa Joe Thuney aliyetoka New England. Si lazima kila nafasi ijazwe na mtu wa bei ghali.

2. Chagua mfumo unaowafaa ulio nao. Ukiwa na watu wepesi, tumia uzuiaji wa eneo: wote watano hupiga hatua upande mmoja, kila mmoja akimzuia atakayeingia katika eneo lake, na mkimbiaji huchagua mwanya unaofunguka. Chini ya kocha wa wazuiaji Alex Gibbs, Denver Broncos walisifika kwa mfumo huu, na mwaka 1998 Terrell Davis alikimbia yadi 2,008. Ukiwa na watu wazito wenye nguvu, mpe kila mmoja mtu wake wa kumsukuma, kisha mtoe mzuiaji mmoja wa ndani azunguke nyuma ya wenzake kwenda kufungua njia upande wa pili. Waive kwanza katika mfumo mmoja ndipo uongeze mwingine.

3. Rekebisha mikono na miguu. Mikono imfikie mpinzani kifuani, viwiko vikiwa karibu na mbavu na dole gumba likielekea juu. Ikienda mabegani, mzuiaji huishia kushika jezi, na faulo hiyo huirudisha timu yadi 10. Miguu ipige hatua fupi fupi, magoti yakiwa yamekunjwa. Anayeinama kutoka kiunoni huvutwa akaanguka kifudifudi.

4. Wafundishe kupokezana. Wapinzani wawili hupenda kupishana: wa ndani anakata kwenda nje, wa nje anapinda kuingia ndani. Mzuiaji akimfuata mtu wake, anagongana na mwenzake na mlango unabaki wazi. Mwambie aendelee kumgusa aliye mbele yake lakini macho yaende kwa jirani. Akihisi mtu wake anaondoka, amsukumie kwa mwenzake na kumsubiri anayekuja. Wafanye zoezi hili kwa mwendo wa kutembea kwanza, hadi waweze kulifanya kwa kasi bila kuambiana.

5. Tumia vizuri siku za mazoezi. Tangu 2011, mkataba wa wachezaji wa NFL unaruhusu mazoezi 14 tu ya kuvaa vifaa kamili vya kinga katika msimu wa kawaida. Siku hizo ziache kwa kugongana. Siku nyingine zitumie kwa hatua za miguu, matangazo ya senta na video, watano wakiwa pamoja.

6. Andaa mtu wa akiba kwa kila upande. Februari 2023 ukuta mpya wa Chiefs ulikutana na Philadelphia Eagles, waliokuwa wamewaangusha makwotabeki mara 70 katika msimu wa kawaida. Mahomes hakuangushwa hata mara moja, na Chiefs wakashinda 38-35. Miaka miwili baadaye timu hizo zilikutana tena katika Super Bowl. Chiefs walikuwa wamekosa mtu wa uhakika pembeni kushoto, wakamhamishia huko Thuney, mzuiaji wa ndani. Kuziba pengo moja kukadhoofisha nafasi mbili: Mahomes aliangushwa mara 6, na Eagles wakashinda 40-22.

Aprili 2025, katika raundi ya kwanza ya drafti, Chiefs walimchagua Josh Simmons, mzuiaji wa pembeni kushoto. Wewe usisubiri kufungwa fainali ndipo umtafute wa kwako.